Masale ya Shamba la Bondeni

Jumatatu, 16 Juni
Ukungu mpaka saa nne. Nimepanga fomu za kamati ya ardhi ya kijiji, mimi ndiye katibu. Ya Bibi Mwanaidi imerudi tena kutoka wilayani: hana karatasi. Mara ya tatu hii. Wazee wake ni Wambugu, walichunga ng'ombe bonde lile kabla babu yangu hajazaliwa. Walipanda masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, hawakuandika. Shamba lake linapakana na letu. Barua yangu ya kuomba masale na maneno ya majirani yakubaliwe kama ushahidi iko wilayani Lushoto tangu vuli. Kimya. Inakera.

Jumatano, 18 Juni
Wamejibu! Kijiji chetu ni cha majaribio. Asiye na karatasi asikataliwe. Kamati ishuke shambani kwanza, itazame alama, isikilize majirani, ndipo iandike. Nimerukaruka jikoni peke yangu. Mwenyekiti, Mzee Rashidi, kanitania eti mwanasheria wa mabondeni. Tunaanza na Bibi.

Alhamisi, 19 Juni
Tumeshuka. Bibi mbele na fimbo yake, sisi tunahema nyuma. Mpaka tunaoujua wote ni mfereji. Hakusimama hapo. Akavuka, akapanda ndani ya kabichi zetu, kwenye matuta mapana ya ngazi, tuta la kwanza, la pili, mpaka la nne.

"Hapa."

Hapakuwa na sale hata moja. Kaka yangu Hoza alicheka kwa sauti. Mzee Rashidi akaniambia niandike kwamba alama hazikuonekana. Nikaandika. Sikula mchana wala jioni.

Ijumaa, 20 Juni
Niliyang'oa mimi.

Darasa la tatu. Mume wa Bibi alikuwa amezikwa wiki hiyo. Baba alinipa jembe, akasema ni magugu. Yalikuwa mstari mmoja ulionyooka. Magugu hayaoti hivyo, na mtoto wa huku anajua sale ni nini. Nilijua. Jioni alinisifu mbele ya wageni, nikafurahi sana.

Baba ni marehemu. Hakuna mwingine aliyeona. Nikinyamaza, kamati inafunga jalada Jumanne na Bibi amekosa moja kwa moja. Nikisema, matuta manne yanakwenda, ndiyo yenye maji, ndiyo yanayolisha nyumba yangu na ya Hoza. Nampenda baba. Leo namchukia.

Jumapili, 22 Juni
Nimemwambia Hoza. Alisema neno la Kishambaa ambalo siliandiki. Halafu kwa Kiswahili, polepole: "Huo utaratibu umeuleta wewe."

Kweli kabisa. Niliuleta kwa ajili ya watu wengine.

Jumanne, 24 Juni
Kikao. Nimemkabidhi mjumbe mwingine kalamu, maana katibu hawezi kuandika ushahidi wake mwenyewe. Nimesimama. Nimesema sentensi tatu: nani alinituma, nilichong'oa, mstari ulipita wapi. Ni pale pale aliposimama Bibi. Yeye alitazama sakafu.

Mjumbe mmoja akauliza kama nina karatasi ya kuthibitisha. Watu wakaangua kicheko. Mimi pia, Mungu anisamehe. Mzee Rashidi akasema jirani ameshasema, yatosha. Wamekubali.

Jumamosi, 28 Juni
Tumepanda masale asubuhi. Bibi anaonyesha, mimi nachimba. Shikamoo yangu aliiitikia, basi. Katikati ya mstari nikamwambia, "Bibi, nisamehe." Akaniambia shimo ni fupi, nichimbe zaidi. Nikachimba.

Hoza hakuja. Mkewe kaleta chai, akaiweka chini, akaondoka.

Mchana kamati imejaza fomu upya. Mwenye shamba: Mwanaidi. Sehemu ya majirani waliniachia niandike mwenyewe. Upande wa juu nimeweka jina langu na sahihi. Chini yake kuna mstari wa sahihi ya Hoza, bado mtupu.