Nimembadilisha Mtamba wa Rafiki Kama Mchezaji wa Kompyuta

Mpendwa Mama Blandina, shikamoo. Naomba unisaidie maana situlii, nikikaa nasimama, nikisimama natoka kutazama barabara, mpaka bosi ameniuliza kama naumwa. Mimi ni Mmaasai wa Endulen, nina mke na watoto, nafanya kazi mapokezi kwenye kambi ya watalii hapa Karatu, na ofisini kuna kompyuta kuukuu yenye gemu la mpira la miaka ya tisini, sio lile la kukimbiza mpira, hapana, hapa wewe ndiye meneja, unaona majina na namba tu, unapanga kikosi, unanunua, unauza, na wachezaji wake wengi siku hizi wameshastaafu lakini kwangu bado ni vijana. Wageni wakishaondoka kwenda kreta kuona wanyama mimi nabaki na timu yangu, nimechukua ubingwa mpaka basi, na siri yake ni kwamba mchezaji akianza kushuka kiwango humwonei huruma, unamtoa, unachukua chipukizi.

Sasa Mama, juzi nilienda nyumbani likizo, nikasimama bomani nikaanza kuwaona ng'ombe kama kikosi, huyu amekwisha, huyu atafika mbali, na kulikuwa na mtamba mmoja amekonda anachechemea, nikampeleka mnadani nikambadilisha na ndama dume mwenye kifua cha maana, nikarudi napiga mluzi. Mke wangu Nasha akauliza mtamba yuko wapi, nikamsimulia kwa furaha, akasema, "Na Sairowua utamwita nani?" Ndipo nikakumbuka. Mtamba yule nilipewa na Sairowua wa Kakesio, rafiki yangu tangu ujana, na kwetu mkipeana mtamba mnaacha kuitana majina, mnaitana Paashe, na mnyama huyo humtoi kimyakimya. Sasa ametuma salamu kwamba anamleta mkewe hospitali Endulen na atapita bomani amwone mtamba. Nawaza nimwonyeshe mwingine wa rangi ileile. Nifanyeje, Mama?

Parsimei, Karatu

Marahaba, Parsimei. Pole, na nafurahi kwamba hutulii, ungekuwa umetulia nisingejisumbua kukujibu.

Wa rangi ileile? Hivi kweli wewe umekulia bomani? Mimi Mchaga, kwetu tulifuga ng'ombe mmoja tu wa kukatiwa majani, na ungenibadilishia huyo ningemjua kwa kukohoa. Sembuse mtu wa Kakesio anayeshinda nao malishoni! Ukimfanyia hivyo utakuwa umemtoa mnyama wake na bado umemwona mjinga. Futa wazo hilo leo.

Na gemu lako sigombani nalo. Ila umezoea kutoa watu bila kuwaaga, na wale wa kwenye kompyuta hawaumii. Sairowua ataumia, baba, na sana.

Omba ruhusa kazini kesho. Mwambie bosi una shida nyumbani, hutakuwa umedanganya. Mchukue ndugu yako mmoja na huyo dume wako, mkamtafute uliyebadilishana naye. Akikubali kumrudisha mtamba, mshukuru, mwongezee mbuzi, na usianze kuvutana naye. Akikataa, au keshamchinja, mwache.

Vyovyote itakavyokuwa, nenda Kakesio kabla Sairowua hajafunga safari. Hata mtamba akipatikana, nenda. Nasha anajua, watu wa mnadani wanajua, na Sairowua hastahili kusikia njiani akiwa na mgonjwa. Usimpelekee mnyama wa fidia siku hiyo, ataona unambadilishia tena. Mwambie ulichofanya kwa maneno machache na kompyuta usiitaje, hicho ni kisingizio. Akitaka fidia atasema mwenyewe, na chochote atakachosema utatoa.

Halafu funga mdomo umsikilize. Anaweza asikuite Paashe. Akikuita Parsimei mbele ya mkewe, itika, na usinyanyuke kuondoka.