Chaga za Kitanda cha Wageni

Baba Wegesa,

Hata ukirudia ulichosema asubuhi mara kumi, chaga za kitanda cha wageni si "mbao zilizokaa tu". Mama yako anafika leo kutoka Butiama, nawe umezikatakata zote kuunda boksi la sabufa la kuwekea spika za gari. Tena linavuja hewa kwenye maungio, ndiyo maana linakoroma badala ya kudunda.

Nimekwenda kazini. Samaki sato yuko sufuriani, umpashie mama akifika.

Mama halali chini kwangu. Nimeng'oa chaga za kitanda chetu nikazipanga kwenye chake, zimetosha. Godoro letu liko sakafuni, nimeshalitandika. ~~Utalala peke yako, mimi naenda kwa dada Jenipher.~~ Tutalala wote. Boksi lako nimelitoa chumbani kwetu nikaliweka sebuleni, pamoja nalo hatutoshi watatu.

Mama Wegesa