Wimbo wa Kumkamulia Nakwang

Mama yangu mpendwa,

Habari ya nyumbani? Magoti yako yanaendeleaje, na mbuzi wamepata majani? Mimi ni mzima, ila theluji ya Oslo inanitembeza kama mzee. Akiru, dada yangu, wewe unayemsomea Mama, soma yote. Usiruke mahali nilipokosea.

Mama, kazi ya muziki niliyoianzia kwenye kwaya ya kanisa hapo Ngaremara sasa imenifikisha kwenye filamu. Nimepewa kutunga muziki wa hadithi ya mama aliyepoteza mifugo kwa ukame. Wiki tatu nikatunga, nikatupa. Mwishowe nikaipa kwaya ya watu thelathini wimbo wako, ule unaomwimbia ng'ombe wako Nakwang ukimkamua.

Waliimba vizuri, lakini ukawa wimbo wa harusi, vifua mbele, sauti juu. Nikawaambia, "Huyo ng'ombe angewapiga teke!" Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka maziwa vilevile. Nikawachuchumaza wote, paji la uso chini, mikono ikivuta chuchu ambazo hazipo. Walicheka, kisha sauti zikashuka zenyewe. Nilikusikia, Mama, nikalia mbele ya watu wazima.

Sasa naungama. Likizo iliyopita nilisimama nyuma ya boma nikakurekodi kwa simu bila kukuuliza. Niliogopa ungenyamaza, kwa sababu tangu Baba afariki hutaki mtu akusikie ukiimba, ila Nakwang tu. Mwongozaji wa filamu ameisikia sauti hiyo, anataka ianze yenyewe kabla ya kwaya. Nikakubali haraka, mjinga mimi. Tangu siku hiyo sina raha, maana nimemwibia mama yangu.

Nimerudi kwa mwongozaji nikamwambia asubiri jibu lako. Anasema ukikataa, kazi atampa mtunzi mwingine. Na ampe. Filamu nyingine zitakuja, mama mwingine sina.

Nisalimie mjomba anayechunga ngamia huko Kipsing, na shangazi muuza chai pale barabarani. Mwalimu wetu wa kwaya mwambie bado naogopa fimbo yake.

Usimtume Akiru kujibu, nipigie mwenyewe. Ukisema hapana, nitaifuta sauti hiyo na sitauliza kwa nini. Ukikubali, niambie jina lako liandikwe vipi. Kwenye karatasi yao ya watunzi waliandika langu peke yake, nami nimelikata.

Mwanao anayekupenda,
Ekai