Swali la Mke wa Tesfaye

Kambini, milima ya Simien,
Ethiopia

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama hapo Ndithini, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mvua imefika? Mahindi yameota? Mimi mwili niko mzima. Moyo ndio haujatulia, na haya siwezi kuyasema kwa simu.

Unajua kazi yangu ya udaktari wa wanyama huku ni kutunza walia, mbuzi mwitu ambao hawapatikani popote ila milima hii. Pembe zao zimepinda hadi mgongoni, na wanatembea kwenye majabali ambayo mbuzi wako wangeyakimbia.

Mwezi uliopita, asubuhi, mimi na Tesfaye, askari wa hifadhi, tulimwona mtoto wa walia amenaswa mguu kwa waya wa mtego, chini kidogo ya ukingo wa jabali. Alilia kama mtoto wa mtu.

"Tungoje jua, daktari," Tesfaye akasema. "Mawe yameloa."

"Tukingoja atakufa, na wamebaki wachache mno. Shuka, nitashika kamba."

Ni mimi niliyesema hivyo, Baba. Akashuka, akakata waya, yule mtoto akaruka akaenda zake. Tesfaye akanitazama akicheka. Kisha jiwe alilokanyaga likang'oka, kamba ikakatikia kwenye ncha ya jabali. Ukungu ukafunika kila kitu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Walimpata kesho yake, amekufa.

Kwenye matanga, mke wake, Almaz, aliniuliza jambo moja tu: "Alishuka mwenyewe ama alitumwa?"

Nikajibu, "Alishuka mwenyewe."

Watu wakamsifu. Tangu siku hiyo, ukungu ukipanda namsikia: "Tungoje jua, daktari." Namsikia karibu na sikio, nikigeuka hakuna mtu. Na yule mtoto wa walia huja mpaka karibu na hema, kidonda cha waya kikiwa mguuni, ananitazama. Nimeshindwa kumtibu. Mikono inakataa.

Juzi nikaenda kwa Almaz, nikamwambia ukweli. Hakuacha kuchambua dengu zake.

"Nilijua," akasema. "Tesfaye aliogopa mawe yaliyoloa. Hangeshuka bila kutumwa."

Nililia. Hakusema amenisamehe. Alinisukumia nusu ya dengu, tukachambua mpaka zikaisha. Nikiwa mlangoni akasema, "Njoo Jumapili."

Nitaenda, na Jumapili zingine pia, kwa hivyo Krismasi hii msiningoje. Nisalimie kaka yangu Kioko na mkewe, na Nyanya, umwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika huku kwenye baridi. Mama naye, tafadhali msomee barua yote, usiruke kitu. Asiniombee nisahau. Aniombee niweze kuketi pale kwa Almaz.

Ni mimi binti yako,
Mwende