Ubeti Niliokuinukia

Shoga yangu Rukia,

Kile kikundi chetu cha taarabu, kilichotutia wazimu tulipokuwa chuo cha ualimu, kimerudi jukwaani. Jumamosi baada ya alasiri kilipiga kwenye ukumbi wa hoteli moja Mbweni, na mimi, kwa kiherehere changu, nikaenda. Mwimbaji wetu siku hizi anaimba kakaa kitini, miwani puani, lakini sauti, shoga, sauti ni ile ile!

Nilikaa karibu na mlango. Unajua kwa nini. Nilikuwa naogopa wimbo mmoja tu.

Unaikumbuka dahalia, mimi kitanda cha chini, wewe cha juu, mguu wako unaning'inia usoni kwangu? Tukitoroka kipindi cha kujisomea, tunakimbilia Vuga kuwasikiliza wakifanya mazoezi, tumesimama nje ya dirisha tunagawana mkate wa ufuta mmoja. Nyimbo zote ulizijua kwa moyo, ila sauti yako, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kufukuzia kunguru.

Halafu mtu akaenda kutusema kwa mkuu wa chuo. Tuliitwa mmoja mmoja, tukatolewa dahalia, kila mtu akarudi kwao. Siri ile tukiijua sisi wawili tu, basi nikakata shauri: ni wewe. Sikukuuliza hata neno. Kwenye harusi ya mwalimu wetu, kikundi kilipofika ubeti wa mtu anayekuchekea usoni na kukuchimba nyuma, niliinuka na kikuba changu cha asumini, nikaenda kumtunza mwimbaji huku macho nimekukazia wewe. Hapa kwetu hilo halitaki tafsiri: anayekaziwa macho ndiye anayeimbwa. Ukumbi mzima uligeuka kukutazama. Ulichukua mkoba wako ukatoka, na mwaka haujesha ukaolewa Maskati.

Miaka ishirini na mbili nimelibeba lile. Mwanzo kwa hasira, baadaye kwa aibu, maana kila nikizidi kuwa mtu mzima ndivyo nilivyozidi kuona kwamba wewe hukuwa mtu wa kusema watu.

Basi Jumamosi wimbo ukaanza. Nikanyanyua mkoba nitoke, mara nashikwa bega.

"Da Mwanaisha? Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Kumbe Zuleikha, mdogo wako! Nilimwacha na mapengo, sasa ni mama wa watoto wanne. Akakaa, akanitazama kwa jicho lako lile la uchokozi. "Mbona leo huinuki?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenzangu anacheka. "Da Rukia keshanihadithia. Alidhani wewe ndo ulokwenda kuwasema. Siku ile na yeye alikuwa na kikuba chake mkobani, anaungojea ubeti ule ule. Ulimuwahi tu."

"We! Mbona basi hajanitafuta?"

"Anaona haya. Anasema kosa lenu moja, tafauti ni wepesi wa miguu."

Nilicheka, Rukia, nikacheka mpaka watu wa mbele wakageuka, kisha nikalia ndani ya mtandio. Mzigo wote ule, kumbe na wewe mwenzangu unao! Nikakaa nikausikiliza wimbo mpaka mwisho, mara ya kwanza tangu siku ile, na ni mzuri jamani. Moyo ulikuwa mwepesi hata nikarudi nyumbani naimba, mume wangu akaniuliza nimekula nini. Nani basi alitusema? Sijui, na wallahi sitaki tena kujua.

Zuleikha kanipa nambari yako. Siku ya tatu leo naitazama, kisha nimeona nikuandikie kwanza, kwa sababu nikiisikia sauti yako nitalia tu, nisiseme lililonileta. Mimi sikukusema, Rukia. Wala wewe hukunisema. Nami nilikutia fedheha mbele za watu bila ya kosa, naomba uniwie radhi.

Nikupigie?

Akupendaye daima,
Shoga yako, Mwanaisha