Sifuri ya Naserian

Kitengela,
12 Machi 2025.

Mpendwa Tata Nyakio,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Halifax? Ciku aliniambia siku hizi unatembea bila mkongojo, nikafurahi sana. Sisi ni wazima. Mtoto ameota meno mawili na anang'ata kila mtu, hata pasta.

Tata, shangazi yangu, nisizunguke mbuyu: naogopa. Kesho saa nne naitwa mbele ya kamati ya mitihani ya chuo.

Unajua nafundisha afya ya mifugo. Mwanafunzi wangu mmoja, Saruni, haoni vizuri. Saa mbili za mtihani humwishia akiwa kwenye swali la pili. Nikaona dawa ni mtihani wa mdomo, tena kwa darasa lote, asionekane anapendelewa. Nilijisifu sana. Nikamwalika Mzee Meitamei, daktari wa mifugo mstaafu kutoka Kajiado, awe mtahini.

Saruni alijibu vizuri ajabu. Kisha akaingia Naserian, ambaye kwa kalamu hakuna anayemfikia. Aliinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kama desturi yao ya Kimaasai, halafu akamwuliza atafanya nini ng'ombe akizaa na kondo la nyuma likakwama. Kimya. Akarudia swali. Kimya. Mzee mwenyewe alikuwa ameangalia dirisha. Fomu niliyoitengeneza ilikuwa na nafasi ya alama tu, basi akaandika sifuri.

Nilimfuata Naserian nje nikiwa nimekasirika. Akaniambia polepole, "Mwalimu, huyo ni rika moja na baba mkwe wangu. Hayo mambo ya uzazi ningemwambia aje?"

Miaka sita naishi na Wamaasai, maziwa nanunua kwao kila asubuhi, na sikufikiria! Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini huyu alificha kwa heshima, na aliyemweka pale ni mimi.

Juzi nilimpa swali lile lile aliandike. Alijaza kurasa tatu bila kosa hata moja. Lakini kwa sheria za chuo mtihani haurudiwi ila kosa likiwa la mwalimu, na mkataba wangu unaisha Aprili. Nikikiri, sidhani kama utaongezwa. Nikinyamaza, itabidi Naserian arudie mwaka, na baba mkwe alikubali asome kwa sharti kwamba hatarudia. Atarudishwa nyumbani Kimana na masomo yameisha.

Kamati inanitisha, Tata, lakini najiogopa mwenyewe zaidi. Jana mkuu wa idara alinishauri kwa upole ninyamaze, nami nikamwambia asante.

Nimeandika nitakachosema: kosa ni langu, na kuanzia sasa swali liwe moja kwa wote, ila kila mwanafunzi achague kujibu kwa mdomo, kwa kalamu au kwa mikono yake mbele ya ng'ombe. Nimekisoma mara nne kwa sauti.

Nisalimie Mugo na Sandra, na umwambie Gitonga shati alilotuma lilimtosha baba. Niombee. Mungu akukinge na barafu za njiani.

Ukinipigia kesho, usiniulize kama bado niko na kazi. Niulize kama nilisema.

Wako akupendaye siku zote,
Wacuka