Kitabu cha Mombasa

Mutomo, Jumamosi, Agosti 1986

Eti "hicho ni cha wazungu, mama." Nimefunga duka langu la nguo, nimeenda mpaka Kitui kutafuta kitabu cha kutuongoza Mombasa, halafu muuzaji ananipokonya mkononi!

"Kwani hamna jamaa kule?" akaniuliza. "Kitabu cha nini?"

Tunao, ndiyo. Kaka ya Baba Mwende, mume wangu. Tumeenda kwake Desemba tatu, na zote tatu nimebeba kuku na unga kama ilivyo desturi, nikapikia watu kumi na mmoja. Bahari niliiona siku moja. Hiyo ni likizo ya nani?

Nikamwambia alete vyote alivyo navyo. Kile kinene kimejaa hoteli za ufuoni na ukurasa mzima wa Wakamba wakichonga vinyago. Yaani sisi ni wa kutazamwa, si wa kusafiri! Chembamba kina ramani, na gesti za watu wa kawaida. Nikachukua chembamba, na gesti moja yenye mpishi wake nimeshaiwekea alama.

Baba Mwende amekipekua jioni, uso umemkunjamana. "Tukilala gesti, kaka atasema tumemdharau."

Huenda akasema. Hilo linanisumbua, sitajidanganya. Lakini mwaka mwingine tena kwenye moshi wa jikoni kwa watu...

"Na kwa kaka, kitabu kinasemaje?" akauliza.

"Nimesoma kurasa zote tisini na sita, Baba Mwende. Kwa kaka yako hakumo."